Nilichotia Kwenye Uji wa Mama Mkwe

Kama nyumbani kwako yuko mzee aliyeanza kukuuliza jambo moja mara tano kabla chai haijapoa, haya ninayoandika ni yako. Mimi si daktari, na jina la ugonjwa wenyewe sikuambiwa na mtu. Miaka ile wengine waliuita uzee, wengine walisema amerogwa, na mchungaji alisema tuombe. Nitaeleza niliyoyaona na niliyoyafanya. Yale niliyoyafanya ndiyo magumu kuyaandika, na nisingeyaandika kama yasingekuwa na faida kwa mtu.

Naitwa Namkunda. Niliolewa Myamba, huku juu Upare wa Kusini, na kijana aitwaye Eliakimu. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine kwenye shamba la mkonge kule bondeni, na nyumbani alikuwa akionekana mwisho wa mwezi kama mshahara. Mimi nilibaki na mama yake, Mama Naetwe, mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Wifi yangu mmoja, Nakijwa, alikuwa ameolewa Same mjini. Basi nyumba ilikuwa yangu na Mama, na watoto wangu wawili wadogo.

Sitaki mfikiri tulikuwa tunachukiana, kwa maana watu wakisikia mkwe na mama mkwe wanatega masikio. La. Mama Naetwe alinifundisha kupika makande yasiyoshika chini ya chungu. Nilipojifungua mtoto wa kwanza ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto, huku akinitania kwamba nalia kama mtu wa tambarare. Nilimpenda. Nasema mapema ili mtakapofika mbele mkumbuke.

Ugonjwa ulianzia darasani. Ilikuwa wakati wa elimu ya watu wazima, kila jioni mnamwona bibi na kibao chake anakwenda shule ya msingi kujifunza kusoma. Mama alikuwa wa kwanza darasani. Alipoweza kuandika jina lake aliliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, na ole wako ulifute. Mwaka uliofuata, masika yakianza, siku moja nilimkuta mbele ya ukuta ule ameshika mkaa. Alikuwa ameandika herufi nne, amekwama. Alikuwa akiutazama mkono wake.

"Namkunda," akaniuliza, "hii inaendeleaje?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania. Jamani, nilicheka!

Baada ya hapo yakaja moja moja. Chumvi mara tatu kwenye chungu kimoja. Jembe lililopotea likakutwa ndani ya pipa la maji. Halafu akaanza kupotea yeye. Alikwenda kwenye migomba yake mwenyewe, mwendo wa dakika chache, akaletwa saa nane mchana na watu wa kitongoji cha pili, kichwa wazi, bila kitambaa. Mwanamke wa heshima yake, muumini wa kila Jumapili, kichwa wazi barabarani. Nilimvika kanga yangu, na aliponiangalia nikaona woga. Alikuwa hajui mimi ni nani.

Mvua zilipopungua Eliakimu akasema tumshushe hospitali. Tulikaa kwenye benchi la mbao tangu asubuhi. Ukitaka kujua subira, kaa benchini na mgonjwa wa kusahau. Kila baada ya kitambo kidogo anauliza, "Tumemleta nani?" Ukimjibu, "Wewe, mama," anashtuka upya, "Mimi? Naumwa nini?" Mwisho nikaanza kusema tumemleta jirani. Mwanamke mmoja aliyekuwa kando yetu na mtoto mwenye surua alisikia yote. Akafungua kikapu chake akanipa viazi vitamu viwili. Sikumjua, sikumwona tena, na mpaka leo namwombea.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwuliza Mama rais wetu ni nani. Mama akamtazama kwa huruma. "Kwani wewe, mwanangu, humjui?"

Kijana akacheka, mimi nikacheka, hata Mama akacheka. Kisha akanipa chupa ndogo ya vidonge vyeupe. "Hakuna dawa ya kurudisha kumbukumbu, dada. Hivi ni vya kumtuliza alale usiku asitembee. Nusu kidonge jioni. Nusu tu, umenisikia? Ukizidisha atadhoofika." Nikafunga chupa kwenye pindo la kanga yangu.

Siku ile ilikuwa Jumamosi, tukalala kwa Eliakimu kwenye nyumba za wafanyakazi wa mkonge. Na Jumamosi ile kulikuwa na sinema.

Hapa inabidi niwaeleze vijana. Sisi watu wa milimani sinema tulikuwa tumeiona mara mbili tu, gari la serikali lilipopanda na mashine yake ya umeme na kitambaa cheupe. Mara ya kwanza tulionyeshwa namna ya kuchimba choo. Mara ya pili, namna ya kuchemsha maji na kukinga kahawa isishikwe na ugonjwa. Watu walikwenda nyumbani wakachimba vyoo. Kwetu sisi sinema haikuwa hadithi. Ilikuwa tangazo. Serikali ikitaka kukuambia neno zito, inakuletea gari na kitambaa.

Jioni ile gari lilelile lilikuja kwenye shamba la mkonge, kikafungwa kitambaa kwenye ukuta wa ghala. Watu walijaa: Waha, Wabena, Wanyamwezi, watu wa kila upande waliokuja kukata mkonge, wanapiga miluzi na kutaniana. Lakini walioleta filamu safari hii walileta ya Wazungu, ya kutisha. Kijana mmoja mwenye kipaza sauti alikuwa anatutafsiria. Nadhani nusu alikuwa anaijua na nusu anaitunga.

Ilikuwa hivi. Bibi mmoja wa Kizungu, tajiri, anaishi kwenye jumba na binti wa ndugu yake anayemtunza. Binti ni mzuri, anatabasamu. Kumbe anaficha miwani ya bibi, anahamisha viti, kisha anamwambia, "Umesahau tena, shangazi." Kila jioni anampelekea bibi maziwa, na kabla hajaingia chumbani anatia unga mweupe kwenye glasi, anakoroga polepole. Bibi anazidi kudhoofika. Anaita majirani, anawaambia, "Ananiua." Majirani wanamtazama binti, binti anatikisa kichwa kwa masikitiko, na wote wanamhurumia yeye, binti. Bibi anakufa mwishoni akiwa peke yake kwenye ngazi, na hakuna aliyemwamini.

Wakata mkonge walipiga kelele, "Muue huyo binti! Mshike!" Mimi sikupiga kelele. Mama alikuwa amenishika kifundo cha mkono, ananibana, macho kwenye kitambaa, hapepesi. Na ile chupa ilikuwa kwenye pindo la kanga yangu, naisikia kwenye mbavu.

Tulipotoka akasema kwa sauti ya utulivu kabisa, "Serikali imefanya vizuri kutuonya."

Niliwaza kwamba kesho atakuwa amesahau. Alikuwa anasahau kila kitu, kwa nini asisahau na hili?

Tulirudi Myamba. Jioni ya kwanza nikampa nusu kidonge na maji. Akakiweka ulimini, akakitema mkononi, akakitazama. "Nini hiki?" Dawa, mama. "Dawa ya nini? Siumwi." Jioni ya pili vilevile. Ya tatu akanirushia kikombe, na baadaye akatoka nje, tukamkuta ukingoni mwa ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba, miguu imeingia majini mpaka magotini. Nilimrudisha nyumbani nimemshika kiunoni. Wazee wetu walisema mgonjwa haulizwi uji. Basi kesho yake niliisaga ile nusu ya kidonge kwa mgongo wa kijiko, nikatia kwenye uji wake wa jioni, nikakoroga.

Nilijiona, wallahi. Nilikuwa nimesimama kwenye jiko langu mwenyewe, na nilijiona kama tulivyomwona yule binti, kutoka nyuma, akikoroga.

Lakini Mama alilala. Nami nililala. Ambaye hajawahi kuuguza mtu anayetembea gizani hawezi kujua usingizi ule. Asubuhi nililia kwa furaha kwenye moshi wa jiko.

Ningeishia hapo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini ulikuwa wakati wa kijiji cha ujamaa. Siku tatu kwa wiki ni shamba la kijiji. Juu ya hapo, likilia baragumu ni msaragambo, ile kazi ya pamoja tuliyorithi kwa mababu, kusafisha mfereji au kutengeneza barabara, na asiyekwenda anatozwa na kusemwa. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kirita, alikuwa mtu mwema lakini mwenye daftari. "Namkunda, wewe hukuonekana jana." Nikimwambia nauguza, ananiambia kila nyumba ina mzee. Nani angekaa na Mama? Watoto wadogo? Jirani mwenye kazi kama zangu?

Nikatia nusu nyingine kwenye uji wa asubuhi, ili alale nikiwa shambani. Kisha kahawa ikaiva, kazi ikawa juu ya kazi, nikatia kizima, asubuhi na jioni. Chupa ilipokwisha Eliakimu aliniletea nyingine. Akaniuliza, "Anameza vizuri?" Nikamjibu, "Anameza." Hakuniuliza zaidi, sikumwambia zaidi. Ndoa nyingi zinaishi hivyo.

Kipupwe kikaja, ukungu ukashuka mpaka mlangoni, na mwili wa Mama ukaanza kubadilika. Mdomo wake ulilegea upande mmoja, mate yanamtoka bila yeye kujua. Mikono inatetemeka hata akiwa ameketi. Alikuwa anatembea kwa kukokota miguu, yeye aliyepanda milima hii na mkungu wa ndizi kichwani. Alianguka karibu na mafiga akapasuka kipaji cha uso. Nilimfunga jeraha, nikajiambia ni ugonjwa unaendelea. Maneno ya daktari niliyakumbuka yote isipokuwa lile moja. Akili ya mtu mzima, mwenye afya, nayo inajua kusahau.

Asubuhi moja nilimpelekea uji. Alikuwa ameketi kitandani amejikunja. Jina langu lilikuwa limemtoka kitambo, akiniita "wewe" au "mama wa watoto." Akanitazama usoni muda mrefu.

"Nimekujua," akasema. "Wewe ndiye yule wa sinema."

Nikaweka kikombe chini. "Sinema gani, mama?"

"Yule anayekoroga."

Mnaona? Alisahau jina la marehemu mumewe, akasahau njia ya kanisani, lakini lile alilihifadhi. Nikamwekea mkono begani, nikasema kwa upole, "Mama, umesahau. Ni ugonjwa tu." Maneno yalikuwa bado mdomoni nilipotambua nimeyasikia wapi.

Tangu siku ile hakula cha mkononi mwangu. Alikula ndizi mbivu alizomenya mwenyewe, na maji aliyochota mwenyewe kwa mikono ile inayotetemeka. Nikipika makande anasukuma sahani. Nikimpa mtoto ampelekee, anamwuliza mtoto, "Nani kapika?" Mwili uliisha. Mifupa ya mabega ilitokeza kwenye kanga. Wakati mwingine njaa ilimshinda akanywa uji kidogo, akinitazama kwa macho yale, na ndani ya ule uji, Mungu anisamehe, mara nyingine nilikuwa nimetia. Nilijiambia asipolala atakufa ndivani. Sasa alikuwa anakufa kitandani, na mimi ndiye niliyekuwa namsogeza.

Akaanza kuwaambia watu. Alimwambia kila aliyekuja kumjulia hali. "Shikamoo mama," wanasema. "Marahaba. Huyu ananiua kwa unga, serikali imekwisha nionyesha." Wanawake wa bombani wakawa wananyamaza nikifika. Mzee Kirita akaja na kofia yake, akaketi.

"Namkunda, mimi sisemi kitu. Lakini sinema ya serikali, mwanangu, haidanganyi."

"Mzee, ile ilikuwa ya Wazungu!"

"Iliyoleta ni gari la nani?"

Gari lilikuwa la serikali kweli. Akaondoka, na nikajua atamwandikia wifi yangu.

Nakijwa alipanda Jumapili na lori la asubuhi. Eliakimu naye aliitwa kutoka bondeni. Akaja Baba mdogo Elieza, ndugu wa marehemu baba mkwe wangu, ndiye mkubwa wa ukoo, na Mzee Kirita. Walikaa sebuleni baada ya ibada, na Mama wakamweka kwenye kiti chenye mgongo. Sisi Wapare tunasifika kwa kesi. Majirani hututania kwamba tutauza ng'ombe tushinde kesi ya kuku. Lakini siku ile hakuna aliyekuwa na hamu ya kushinda.

Nakijwa hakuniamkia. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema akimtazama kaka yake. "Angalia mama yetu alivyo! Angalia mikono!"

Eliakimu akasema, "Wifi yako anamwuguza peke yake. Wewe umekuja mara ngapi?"

"Basi!" akasema Baba mdogo. "Tuna desturi. Tuitumie."

Kwetu anayekupa kinywaji hunywa yeye kwanza. Hata dengelua, pombe ya miwa, mwenye nyumba huonja mbele ya mgeni ndipo ampe. Ni adabu tu siku za kawaida, lakini kila mtu anajua asili yake. Ni kumwonyesha mgeni kwamba hakuna sumu. Baba mdogo akaniambia nilete uji niliompikia Mama, ninywe mbele ya wote, kisha apewe.

Nilikuwa nimekwisha kuujua mwisho huo tangu nilipoona vumbi la lori. Kwa hiyo asubuhi ile sikutia kitu.

Niliuleta uji, nikaketi kwenye kigoda katikati yao, nikanywa. Nilikunywa nusu kikombe nikitazama usoni mwa wifi yangu, sikupepesa. Nilikuwa na hasira hata nikajisikia kama mtu asiye na kosa kabisa. Walingoja. Hakuna kilichotokea. Mzee Kirita akavua kofia akajipepea. Nakijwa akaanza kulia, akanipigia magoti, "Nisamehe wifi, nisamehe, ni uchungu." Eliakimu akashusha pumzi ndefu.

Baba mdogo akamgeukia Mama, akamwinamia, akasema kwa sauti ile tunayomsemesha mtoto. "Shemeji, umeona? Namkunda amekunywa. Hakuna unga. Ni akili yako tu imechoka. Mwombe radhi mwanao, yaishe."

Mama alikitazama kikombe. Aliwatazama wote mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta mlango. Kisha akanitazama mimi, na uso wake ukalegea, ukakubali. Kukubali kule ndiko kulikonivunja.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Kumbe ni mimi. Kumbe akili imeniacha. Nilikuwa na hakika." Machozi yakamtoka. "Nilikuwa na hakika kabisa."

Akanyoosha mikono miwili apokee kikombe.

Ningenyamaza ningekuwa nimeshinda. Wifi alikuwa bado magotini. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Na Mama angebaki na siku zake zote zilizosalia akijua kwamba hata kile kimoja alichokuwa na hakika nacho kilikuwa uongo.

"Mama hajakosea," nikasema.

Nikafungua pindo la kanga, nikatoa chupa, nikaiweka kwenye kigoda. Nikawaambia yote. Nusu, kisha nusu mbili, kisha kizima asubuhi na kizima jioni. Shamba la kijiji. Msaragambo. Nikawaambia leo sikutia kwa kuwa nilijua mtanipima.

Nakijwa alinirukia. Alinipiga kofi, akanikamata nywele, na sikumzuia. Eliakimu alikaa palepale ameshika kichwa, akirudia tu, "Uliniambia anameza. Uliniambia anameza." Mzee Kirita akasimama, akaweka kofia kichwani, akasema kwamba hapa jambo limetoka mikononi mwake, nifunge nguo zangu, kesho ananipeleka polisi Same.

"Mnampeleka wapi?" Mama akauliza.

"Polisi, mama," Nakijwa akajibu huku analia. "Alikuwa anakuua! Ulisema kweli, mama. Ulisema kweli."

Mama akatikisa kichwa polepole. Sijui alielewa kiasi gani. "Haya," akasema. "Na kesho nani atanipikia uji?"

Nakijwa alitazama chini, kule Same alikuwa na watoto sita na mume mkali. Eliakimu alikuwa na mashine zake. Baba mdogo alikuwa na mke mgonjwa wa miguu. Mzee Kirita alilitazama daftari lake lililokuwa limetokeza mfukoni, lile lenye siku nilizokosa. Mama alikuwa bado anawatazama, anangoja, kwa kuwa lilikuwa swali la kweli na alikuwa na njaa.

Sikupelekwa. Sisemi nilistahili kuachwa.

Tulimshusha tena bondeni, tukakaa tena kwenye benchi. Yule daktari kijana hakunigombeza. Alinitazama tu, akaniandikia namna ya kupunguza kidogo kidogo hadi kuacha. Nakijwa alimsihi mumewe kwa barua, akabaki kwetu mpaka vuli ilipoanza, tukalala chumba kimoja bila kusemeshana, kisha tukaanza kusemeshana juu ya Mama, kisha juu ya mengine. Mzee Kirita alifuta jina langu kwenye orodha ya msaragambo, na kwa kuwa nilimwomba, akapanga wanawake wa nyumba kumi wakae na Mama kwa zamu siku za shamba. Kumbe iliwezekana tangu mwanzo. Sikuwa nimeomba vya kutosha, nao hawakuwa wameuliza. Tulifunga kengele ya mbuzi mlangoni ili akitoka tusikie.

Mdomo wake ulirudi mahali pake. Mikono ikatulia kiasi. Miguu ilipopata nguvu akaanza kutembea tena, na usingizi wangu ukaisha tena, nikawa namfuata kwenye umande nikimshika mkono. Akili haikurudi. Huo ugonjwa haurudishi kitu.

Nawaambia ninyi mnaouguza: mgonjwa wa kusahau anaweza kukosea siku, mtaa na jina lako, na bado akawa sahihi kuhusu kilicho kwenye kikombe chake. Akikuambia kuna nyoka, nenda katazame. Na uji, muulizeni.

Mimi niliomba radhi mara nyingi. Hilo nalo ni gumu kwa mtu asiyekumbuka. Kila nilipomwambia, "Mama, nilikutilia dawa kwa siri," alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza, anashtuka, anajivuta ukutani, anauliza, "Kwa nini? Nimekukosea nini?" Ananisamehe, na kesho yake hakuna lolote, si kosa wala msamaha. Mara ya nne au ya tano niliona nilikuwa namtesa ili mimi nipate nafuu. Nikaacha.

Vuli ya pili, asubuhi moja, alikuwa amekula vizuri, hana homa, ameketi kwenye jua la mlangoni. Akaniambia, "Mwite mwanangu. Leo naondoka." Zamani ningesema ni ugonjwa. Nilimtuma jirani na lori la kwanza, na Eliakimu alifika alasiri, mafuta ya mashine bado mikononi.

Mama alikuwa amelala, amedhoofika ghafla, kama alivyosema. Eliakimu akapiga magoti. Mama akamtazama, akanigeukia mimi.

"Huyu ni nani?"

"Mwanao, mama. Eliakimu."

"Kweli?"

"Kweli, mama."

Akaniangalia usoni, kwa yale macho, na akatulia. "Ukisema wewe, sawa," akasema. "Wewe hujawahi kunidanganya."

Eliakimu aliinua kichwa akanitazama. Nilifungua mdomo. Mkono wa Mama ulikuwa ndani ya wangu, mwepesi, hautetemeki.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Alifariki kabla jua halijazama.